Kanti Aliikaza, Mimi Niliibeba

Mwaka 1955, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Hakufa. Alivunjika nyonga, akakaa kitandani umri wake wote uliobaki, na mimi nikatolewa skuli nikaenda kubeba. Nilianza na pakacha za karafuu mbichi, nikahamia kwenye magunia ya karafuu kavu pale Wete, nikaishia mizigo ya bandarini. Darasa nililoliacha ni la tatu. Kuandika huku nimejifundisha mwenyewe ukubwani, kwa hiyo anayetafuta makosa atayaona, na akishayaona akae nayo.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kwetu niliowaingiza kazini mmoja mmoja, mnaovaa leo fulana nyeusi ya ukumbi na kusukuma piano niliyoisukuma mimi. Nimestaafu mwezi uliopita. Bosi alitoa hotuba, akalikosea jina langu, tukala keki. Mambo ya vyeo na mishahara sitayasema. Vyeo walipewa wengine, na mshahara mnaujua, maana ndio huo mnaoulalamikia na nyinyi.

London nilifika 1986. Nikafagia maofisi, nikaosha sufuria katika hoteli, nikapakua malori ya viazi. Mwaka 1991 nikasikia kwamba ukumbi mmoja wa muziki katikati ya mji unatafuta watu wenye migongo mizuri. Mgongo ndicho cheti changu pekee, nikaenda nacho.

Aliyenipokea anaitwa Ron, Mzungu wa Barking, mkubwa wa jukwaa, mwenye shingo nene na sauti ndogo. Aliniangalia mabega kabla ya uso.

"Umewahi kubeba piano?"

"Sijawahi kuibeba wala kuisogelea."

"Vizuri. Waliowahi kuibeba ndio wanaoiangusha."

Siku ile ile akanipitisha kwenye ngazi za nyuma, zile zinazokwenda chumba cha wanamuziki. Mnazijua, zina picha ukutani kuanzia chini mpaka juu. Wanaume peke yao, wamevaa nywele za bandia nyeupe. Nilidhani ni mahakimu. Nikamuuliza Ron hawa wamehukumu kesi gani.

"Hawa ni watunzi," akasema. "Vienna, Leipzig, Paris, Prague. Wamekufa miaka mia mbili, na wao ndio wenye nyumba. Mimi na wewe tunawafanyia kazi."

Wivu wangu wa kwanza ukaanzia pale, ngazini, kwa wafu. Kwetu nimewajua wapiga fidla na wapiga gambusi waliowafanya watu walie harusini, na wiki moja baada ya kuzikwa hakuna aliyewataja tena. Hawa wamekaa juu ya ngazi wanaangaliwa.

Ron alinifundisha kazi. Mambo yake nayaandika hapa ili msiseme hamkuambiwa. Piano kubwa ikitembea jukwaani inatembea kwa magurudumu yake, na gurudumu linafungwa kila inaposimama, hata ikisimama kwa kukohoa tu. Ikiwa lazima ipite mlango mwembamba, pedeli za kukanyagia zinatoka kwanza, kisha mguu wa kushoto, kisha inalazwa taratibu kwa ubavu wake mnyoofu juu ya ubao wenye blanketi, ndipo miguu miwili mingine inafuata. Mikanda inafungwa na mtu mmoja tu, kwa sababu wawili wakifunga kila mmoja anadhani mwenzake amekaza. Na kwenye mteremko usisimame upande wa chini. "Ikitaka kwenda, iache iende," Ron alikuwa akisema. "Yenyewe ina bima."

Kuna siku lifti ilikufa mchana na tamasha ni jioni ile. Ikabidi tuitoe piano kwa mlango wa nyuma, tuizungushe uani kwenye mvua, tuiingize kwa mlango wa mbele, juu ya zulia, mbele ya wazee waliokuwa wananunua tiketi. Sita tulikuwa, na Ron anatembea kinyumenyume anatuongoza kwa vidole bila kusema neno. Tulipoifikisha, aliivua blanketi akaipangusa tone moja la mvua kwa kiganja cha mkono, kama unavyompangusa mtoto. Hakutushukuru. Alituletea chai, na maziwa yangu akayatia mwenyewe. Nikajua nimeajiriwa.

Halafu kuna kifuniko.

Usiku ambao okestra inapiga kwanza peke yake na piano inakuja baadaye, tunaisukuma mbele za watu. Hawana la kutazama isipokuwa sisi. Ikishakaa mahali pake wengine wote wanaondoka, anabaki mtu mmoja. Anafungua kifuniko, anakitegemeza kwa fimbo yake, na wale wazee wa ghorofani, wenye tiketi za mwaka mzima, wanampigia makofi. Desturi hiyo ilikuwepo kabla ya Ron. Nusu yake ni mzaha. Lakini makofi ni makofi, na masikio hayaulizi kama ni mzaha.

Ron alikuwa na sheria yake. "Usiiname. Ukiinama umejifanya mpiga piano. Usikimbie. Ukikimbia umejifanya mwizi. Tikisa kichwa mara moja, uondoke." Alipostaafu mwaka 1995 alinivulia glavu zake za ngozi laini mbele ya wote, akanipa. Kuanzia siku ile kifuniko kikawa changu, na sikumpa mtu mpaka siku nitakayowaambia.

Sasa nimtaje Kanti. Kanti alikuwa fundi wa kukaza nyuzi za piano. Mhindi wa Unguja, mzaliwa wa mjini, baba yake alikuwa fundi saa. Alikuja Uingereza kijana, akajifunza ufundi kwenye kiwanda cha piano, akahamia Tooting, na mkewe alikuwa amefariki bila ya kuacha mtoto. Mara ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona. Napita nyuma ya pazia, nasikia mtu ananong'ona kwa Kiswahili ndani ya piano.

"Kaa basi. Kaa, usinitie aibu."

"Haikai?" nikauliza.

Kichwa chenye mvi kikatokea. "Nani huyo?"

"Mie hapa."

"Wa wapi wewe?"

"Wete."

"Ah. Mpemba."

"Na wewe Mhindi."

"Basi tushajuana," akasema, akarudi ndani.

Mngedhani tutakuwa kama ndugu. Hatukuwa. Kanti alikuja na kizibao na mkoba wa vyombo: ufunguo wa kukazia, vipande vya sufi vya kunyamazisha nyuzi, chuma chenye ncha mbili kama uma anachokigonga gotini na kukisikiliza. Wapiga piano wakubwa wa dunia wakiingia jukwaani walikuwa wanakwenda kwake moja kwa moja, wanamkumbatia, wanaulizia hali yake. Mimi nimesimama pale pale, nimeileta piano yenyewe. Jina langu kwao lilikuwa "samahani", maana ndivyo walivyosema wakitaka niwapishe.

Angekuwa Mzungu nisingejali. Wazungu walisoma, mimi nilibeba, basi. Lakini huyu tulikula boga la nazi la aina moja, tuliogelea maji yale yale, na yeye kaingia kwa mlango wa mbele.

Siku moja kiongozi wa okestra aliamrisha piano isogezwe pembeni wakati wa mazoezi. Nikaisogeza, baadaye nikairudisha. Kanti alikuwa ameshaikaza. Alipoijaribu akakuta nyuzi zimelegea, akaniita jukwaa zima likiwa limejaa watu.

"Hamadi, hili si gunia la karafuu."

Alisema kwa Kiswahili, na katika ule ukumbi hakuna aliyeelewa ila mimi. Hapo ndipo lilipouma. Angenitukana kwa Kiingereza ningekuwa mfanyakazi aliyekaripiwa. Kwa Kiswahili nilikuwa tena yule mtoto wa Wete na mgongo wake.

"Na wewe hiyo si saa ya baba yako," nikamjibu.

Hatukusemeshana mpaka baridi ilipokwisha.

Binti yangu Asya alizaliwa hapa hapa London, mwaka 1988. Tulikaa Thamesmead, na mke wangu Mwanaisha alikuwa akilea wazee Jumamosi, kwa hiyo mtoto alipofika miaka minane nikawa ninamleta kazini. Nilimkalisha kiti cha mbele na mkate wake na kitabu chake. Jumamosi ya kwanza alikaa. Jumamosi ya pili nilitoka kuchukua viti vya okestra, niliporudi kiti kitupu. Yuko jukwaani, kapiga magoti kando ya Kanti, kichwa chake ndani ya piano.

Kanti alikuwa akimpigia nyuzi mbili. "Zinagombana au zimepatana?"

"Zinagombana," akajibu Asya.

Kanti akakaza kidogo. "Sasa?"

"Bado kidogo. Sasa. Hapo hapo, usiguse tena."

Kanti akaniangalia juu ya miwani. Nilimjua fundi anapoona chombo kizuri, nami nikatamani aangalie kwingine.

Ikawa kila Jumamosi ndivyo hivyo. Alipokuwa akikaza alikuwa akimhadithia habari za wale wa ngazini. Yule aliyekwenda kwa miguu siku nyingi kumsikiliza mpiga kinanda wa kanisani wa mji mwingine. Yule wa Vienna aliyekuwa kiziwi na bado akatunga. Yule mzee wa Austria aliyetumikia jumba la bwana mkubwa, akivaa sare kama watumishi wote, kisha uzeeni akavuka bahari kuja London hii hii, na watu wakainuka vitini wakamsimamia. Nilisikia yote, nikiwa nyuma ya pazia nafungua viti. Mtumishi mwenye sare. Nilijiangalia fulana. Mbona mimi nilivuka bahari na hakuna aliyenisimamia, hata ndani ya basi.

Kwenye basi la kurudi Asya hakunyamaza. Kiswahili chetu anakisikia chote, ila ulimi wake ulikuwa haukitaki, akijibu kwa Kiingereza tu. "Baba, ulijua huko Vienna mtunzi alikodi ukumbi mwenyewe na akauza tiketi nyumbani kwake?"

"Sikujua."

"Uncle Kanti anajua kila kitu."

Uncle Kanti. Mtoto huyu alijua majina ya wafu wa Leipzig na wake zao na watoto wao, na hajawahi kuniuliza babu yake alikuwa nani.

Jumamosi moja, Asya ana miaka kumi au kumi na moja, Kanti alikuwa akimweleza habari za mtunzi mwingine wa Vienna. Kila akiwa na tamasha, piano yake mwenyewe ilitolewa nyumbani, ikapelekwa ukumbini, kisha ikarudishwa. Msimu wa matamasha ilikuwa nje kuliko ndani. Nikashindwa kujizuia. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Nani aliyeibeba?"

Kanti akaacha kukaza. "Vipi?"

"Hiyo piano. Ya kutoka nyumbani mpaka ukumbini, majira ya theluji, barabara za mawe. Nani aliyeibeba?"

"Watu, Hamadi."

"Watu gani? Wanaitwa nani?"

"Haikuandikwa."

"Na aliyeikaza?"

Akaniangalia kidogo. "Naye haikuandikwa," akasema. "Ndiyo maana sisi mafundi tunajiandika. Njoo uone."

Akafungua skrubu mbili, akaivuta nje safu nzima ya vibao vyeupe na vyeusi, kama mtu anavyovuta droo ya kabati. Ubavuni mwa kile kibao cha kwanza, mahali pasipoonekana piano ikiwa imefungwa, pamejaa majina kwa penseli. Mafundi waliopita. Wengine wamekufa. Na jina la Kanti lipo, tena na tena, kila alipoifanyia kazi kubwa.

Asya alifuatisha yale maandishi kwa kidole bila kuyagusa.

Nawaambieni ukweli, ule ndio wivu mkubwa kuliko wote nilioupata maishani. Piano ile nilikuwa nimeihamisha mara ngapi, naijua kila kovu, na ndani yake muda wote lilikuwemo jina la Kanti. Nilikuwa nikimbeba.

Kanti aliona. Akanyoosha penseli. "Nikuandike na wewe?"

"Mimi si ombaomba," nikasema. "Wanajiandika waliofanya kazi ndani. Kazi yangu iko nje."

Nikarudi kwenye viti vyangu. Nilikuwa sawa kukataa, na ningekataa tena leo. Jina la kupewa kwa huruma afadhali lisiwepo.

Mwaka 2004, Asya ana miaka kumi na sita, siku ya Jumapili mlango wetu wa Thamesmead ukagongwa. Kanti, kavaa suti, kashika boksi la mithai, tamutamu za Kihindi za Tooting. Asya alikuwa chumbani na mlango wake wazi kidogo. Mwanaisha akamwangalia mgeni, akaangalia boksi, akacheka.

"Bwana Kanti, umekuja kama mtu anayeposa."

"Ndivyo hasa, dada yangu," akasema, akakaa kwenye ncha ya kiti. "Nimekuja kuomba mtoto. Nataka nimfundishe ufundi. Sikio kama lile sijalipata kwa mtu miaka yote. Lakini mtoto ni wa Hamadi. Bila ruhusa yake sitomwonyesha hata skrubu."

Nilijua Asya anasikiliza. Nilijua pia nikisema hapana atatii, na atanitii kwa uso ule ule mpaka nife. Na nikisema ndiyo nimemkabidhi. Atavaa kizibao, atashika ule mkoba, na watu wakimuuliza nani kakufundisha atasema Kanti. Baba yake atakuwa yule mtu wa kusukuma.

"Posa haijibiwi siku moja," nikasema.

"Najua. Nitasubiri."

"Wala hutosubiri. Jibu ninalo. Nina sharti. Mwaka wa kwanza ni wangu. Atajifunza kubeba kwanza. Akishajua kuibeba, umfundishe kuikaza."

Kanti akafuta miwani. "Msichana, Hamadi? Kubeba piano?"

"Wewe si ndiye uliyesema si gunia la karafuu? Basi si kazi ya nguvu, ni ya akili. Au umesahau?"

Mwanaisha akajifunika mdomo kwa kanga. Kanti akainamisha kichwa. "Sikusahau. Nilitegemea wewe umesahau."

Mlango wa chumbani ukafunguka wote. "Naanza lini?" akauliza Asya, kwa Kiingereza chake.

Akaanza Jumamosi iliyofuata. Sikumhurumia. Aliosha mikanda, akajifunza mguu wa kushoto, akabanwa kidole na kifuniko, ukucha ukawa mweusi mwezi mzima, hakulia mbele yangu. Nilimfundisha kusikiliza gurudumu, kwa sababu gurudumu linalotaka kufa linaimba kabla. Alilisikia kabla yangu. Mwaka ulipokwisha nilimpeleka kwa Kanti nikamwambia, "Haya. Mgongo wake nimeufundisha. Masikio kayachukue." Na nilirudi nyumbani sikula.

Miaka iliyofuata niliwaona kila siku, vichwa viwili ndani ya piano. Wana lugha yao. Wana vichekesho vyao. Mimi naleta, wao wanakaa nayo.

Mwaka 2007 Kanti alinifuata kantini, akakaa mbele yangu na chai yake.

"Naacha," akasema. "Masikio. Zile sauti za juu kabisa sizisikii tena. Miezi mingi sasa anayezikaza ni Asya, mimi nashika ufunguo tu watu waone."

Kwa hiyo Asya alijua, na hakuniambia. Nikaliweka hilo na mengine.

"Utamkumbuka yule kiziwi wa Vienna," nikamwambia.

"Yule alikuwa anatunga. Fundi kiziwi ni mzee tu mwenye mkoba." Akakoroga chai isiyo na sukari. "Hamadi, unajua miaka yote hii nimekuonea wivu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Wewe? Mimi?"

"Nakaza mchana, ukumbi mtupu. Watu wakianza kuingia mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Saa ya makofi niko ndani ya treni ya Tooting. Sijapigiwa makofi hata siku moja. Wewe unafungua ubao tu, ukumbi mzima unakupigia. Nilikuwa nakaa nyumbani naangalia saa, nasema, sasa hivi Hamadi anakifungua."

"Si ubao tu."

"Najua si ubao tu."

"Na nina mtoto," nikasema.

"Na una mtoto," akasema Kanti.

Tukanywa chai. Sitowadanganya kwamba wivu wangu uliondoka. Ila mtu anapojua kwamba na yeye alikuwa anaonewa wivu, anakaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Siku yake ya mwisho ya kazi ilikuwa siku ya okestra kwanza, piano baadaye. Nilimwambia asiondoke na treni. Nilimvisha glavu za Ron, ambazo zilimmeza mikono. Nyuma ya pazia nikamwelekeza: simama karibu, kunja magoti, usiinue kwa mkono, inua kwa mapaja, fimbo uishike kwa mkono wa kulia kabla hujaitaka. Kanti ni mfupi. Kile kifuniko kikubwa kuliko kitanda chake.

Tukaisukuma. Wengine wakaondoka, nikaondoka na mimi. Kwa mara ya kwanza tangu 1995 nilikiangalia kile kifuniko kutoka pembeni.

Kilipanda polepole, kikatetemeka katikati, nikapiga hatua moja mbele. Kikakaa. Wale wazee wa ghorofani wakaanza, na sakafu ya chini ikafuata, kwa sababu waliona mtu mzima wa kizibao anahangaika. Na Kanti, niliyemweleza mara mbili sheria ya Ron, akainama. Si kutikisa kichwa. Aliinama mpaka chini, mkono kifuani, kama yule wa picha ya tatu ngazini. Wakamzidishia. Ghorofani safu ya mbele Asya alikuwa amesimama peke yake, mikono juu ya kichwa, anapiga makofi.

Miaka kumi na mbili nilifungua kile kifuniko. Asya hakuwahi kunisimamia.

Kanti akarudi nyuma ya pazia, macho yamelowa. "Mazito makofi yako, Hamadi."

"Yarudishe basi," nikasema, nikamvua glavu.

Wiki yangu ya mwisho ndiyo hiyo ya mwezi uliopita. Asya sasa ndiye anayeikaza piano ya ukumbi. Alikuwa na kazi kubwa ya ndani siku moja ya wiki hiyo, vibao vyote vitoke, na vile vibao pamoja na nyundo zake ni mzigo wa kubebwa na mtu anayejua kubeba. Akaniita. Nikamvutia nje, nikamwekea mezani, nikakaa kando kwa sababu goti halinipi tena kusimama. Alifanya kazi mpaka mchana ukaisha. Alipomaliza akatoa penseli.

Hapa kazini kila mtu humwita Asya Faki. Kwa Wazungu jina la mwisho ndilo jina la nyumba, basi wanadhani sote ni akina Faki tangu zamani, kama kampuni. Akaweka ncha ya penseli chini ya jina la mwisho la Kanti, lile la 2007, akasita.

Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili. Kiswahili cha kukwaruza, cha mtu anayeshuka ngazi gizani, lakini Kiswahili.

"Baba. Faki ni yule babu aliyeanguka?"

"Ndiye."

"Kwenye mti wa karafuu."

"Nani kakwambia?"

"Uncle Kanti."

Sikuwahi kumwambia Kanti. Labda Mwanaisha alimwambia siku ile ya mithai, labda alisikia kwa watu. Kwa hiyo hata baba yangu, mtoto alimpata kwa Kanti.

Asya akaandika polepole, herufi kubwa kidogo kuliko za wenzake: Asya Hamadi Faki. Akapuliza vumbi la penseli.

"Rudisha, baba," akasema.

Nikavirudisha ndani. Jioni ile nilifungua kifuniko mara ya mwisho. Nilitikisa kichwa mara moja, nikaondoka. Sikuangalia ghorofani nani amesimama, kwa hiyo msiniulize.

Nilicho nacho leo ni hiki. Flati moja ya Thamesmead, ambayo zamani ilikuwa ya kaunsili ya mji. Kiwanja Wete chenye nyumba isiyopigwa plasta na mkarafuu mmoja nyuma, hakuna anayeukwea. Mke. Goti moja zima na moja bovu. Mgongo, bado mzuri. Glavu za ngozi sina tena, ziko kwenye mkoba wa vyombo wa binti yangu, mkoba uliokuwa wa Kanti. Na jina langu limeandikwa mara moja, kwa penseli, baina ya jina la binti yangu na jina la baba yangu, ndani ya piano isiyokuwa yangu. La Kanti liko juu yake, na limeandikwa mara nyingi zaidi. Nimeyahesabu.